Kusajili gari Luxemburg: uje nalo, ulifuate ng'ambo ya mpaka, au ununue hapa hapa?

Kila baada ya muda napata ujumbe wa sauti kutoka kwa mtu anayejiandaa kuhamia huku. Wa mwisho ulitoka Dar es Salaam: "Kaka shikamoo. Nina Harrier yangu, haijawahi kunilaza njiani hata siku moja. Niipakie kwenye kontena nije nayo, au niiuze?" Nikamjibu kwa swali: Harrier yako ina COC? Kimya cha siku mbili. Halafu: "Sasa COC ndiyo mdudu gani?"

Huyo mdudu ndiye anayeamua karibu kila kitu katika nchi hii. COC ni cheti cha kiwanda kinachosema kwamba gari hili, lenye namba hii ya chesisi, limetengenezwa kwa kufuata viwango vya Umoja wa Ulaya: uzito wake, upana, kelele, moshi, na gramu ngapi za CO2 linatoa kwa kila kilomita. Magari ya abiria yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 yanacho, au kiwanda kinaweza kukutolea nakala. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina. Na sote tunajua magari mengi ya nyumbani yalitengenezwa kwa soko gani.

Nimesajili magari mawili hapa kwa mkono wangu, na nimewasindikiza wenzangu kadhaa hadi kaunta. Kwa hiyo naweka njia zote mezani, pamoja na pale zinapouma. Bei ya gari nitaigusa kidogo tu. Waliolizwa na zoezi hili hawakulizwa na bei.

Wanachotaka Sandweiler

Sandweiler ni kijiji kilicho mashariki ya jiji la Luxemburg, karibu na uwanja wa ndege. Hapo ndipo ilipo SNCA, shirika linalotoa kadi za magari na leseni za udereva. Kituo cha ukaguzi cha SNCT kiko hapo hapo pia, kwa hiyo mtu aliyejipanga anaweza kukagua na kusajili bila kuzunguka nchi. Si kwamba nchi yenyewe ni kubwa: kilomita za mraba 2,586, karibu sawa na Unguja na Pemba zikiunganishwa. Kwa dereva wa Mbeya ni safari ya asubuhi.

Njia yoyote utakayochagua, kaunta ni ile ile na mafaili yanafanana. Fomu ya maombi. Kadi ya gari ya nchi lilikotoka. Ankara au mkataba wa mauziano wenye jina lako. COC. Cheti cha ukaguzi kilicho hai. Bima kutoka kampuni inayoruhusiwa kufanya kazi Luxemburg. Bima yako ya nyumbani au ya Ujerumani haitoshi. Halafu kuna kibandiko cha forodha ambacho kila mtu hapa anakiita kwa namba yake, 705: ni ushahidi kwamba suala la ushuru na kodi limemalizwa. Mwisho kabisa ni stempu ya serikali ya euro 50.

Ndiyo, 50. Luxemburg haina ile kodi nzito ya usajili inayowatoa watu jasho Uholanzi, Malta au Denmark. Kodi ya kila mwaka ipo, inapigwa kwa gramu za CO2, na dizeli inazidishiwa 0.9 wakati petroli ni 0.6, lakini kwa gari la kawaida la familia haitakunyima usingizi. Gharama ya kweli imejificha kwingine, na hapo ndipo njia zinapoachana.

Jambo moja kabla hatujaendelea. Usajili unafuata unakolala, haufuati unakofanya kazi. Wenzetu wengi wanafanya kazi hapa na kuishi ng'ambo ya mpaka, Arlon (Ubelgiji), Thionville (Ufaransa) au Trier (Ujerumani), kwa sababu ya kodi za nyumba. Jirani yangu wa zamani, Mkongo wa Bukavu, alihamia Arlon akadhani ataendelea kutumia namba za njano za Luxemburg kwa kuwa bosi wake yuko huku. Haiwezekani. Yeye sasa ni mtu wa Ubelgiji, na Ubelgiji wana kodi zao.

Kuja na gari lako kutoka nyumbani

Nianze na habari njema, maana wengi hawaijui. Mtu anayehamisha makazi yake kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kuingiza gari lake bila ushuru wa forodha na bila VAT. Sheria ni ya Umoja mzima, kwa upande wa ushuru ni kanuni namba 1186 ya mwaka 2009, na masharti yake yanahesabika kwa vidole: uwe umeishi nje ya Umoja kwa miezi 12 mfululizo au zaidi, gari liwe lako na umelitumia kwa angalau miezi 6 kabla ya kuhama, uliingize ndani ya miezi 12 tangu uanze kuishi hapa, na baada ya hapo usiliuze, usilikodishe wala kumwazima mtu kwa miezi 12.

Hilo la kuazima lisome mara mbili. Kwetu gari ni la ukoo. Shemeji akija kutoka Brussels anachukua ufunguo mezani bila kuuliza. Kwa mwaka wa kwanza, mwambie apande treni.

Kuna mtego mwingine ambao huwanasa waliofanya kazi ubalozini au kwenye mashirika ya kimataifa Nairobi, Dar es Salaam au Kigali. Kanuni inaziruhusu nchi kudai kwamba gari liwe limelipiwa ushuru na kodi za kawaida huko lilikotoka. Ukiwa ulilinunua kwa msamaha, kabla hujalipakia waulize forodha ya Luxemburg kwa maandishi, na jibu uliweke kwenye faili.

Usipokidhi masharti, hesabu inakuwa hivi. Tuseme gari linathaminiwa euro 8,000, na meli pamoja na bima ya safari ni euro 2,000. Ushuru wa magari ya abiria ni 10%, na unapigwa juu ya jumla, kwa hiyo euro 1,000. VAT ya Luxemburg ni 17%, na inapigwa juu ya gari, safari na huo ushuru vikijumlishwa: 17% ya 11,000 ni euro 1,870. Gari la 8,000 limekula 4,870 kabla halijakanyaga barabara, na bado wakala wa forodha na gharama za bandarini hazijaingia. Meli nyingi hushusha Antwerp au Zeebrugge, Ubelgiji. Ukitaka kuomba msamaha wa anayehama makazi, mwombe wakala akufungulie T1, hati ya kupitisha mzigo bila kuulipia, ili mambo ya forodha yakamilishwe Luxemburg unakoishi.

Sasa habari mbaya. Msamaha wa forodha haumhusu mkaguzi. Forodha inaweza kukusamehe kila senti, na mkaguzi akakurudisha nyumbani kwa ajili ya taa.

Chukua ile Harrier ya Dar. Usukani uko kulia. Hilo lenyewe si kosa, magari ya usukani wa kulia yanasajiliwa. Lakini taa zake za mbele zikiwa dimu zimetengenezwa kumulika pembeni kushoto, kwa sababu kwetu tunaendesha kushoto. Huku zinammulika machoni anayekuja. Kubandika karatasi nyeusi kwenye kioo, kama watalii wa Kiingereza wanavyofanya, ni dawa ya likizo; kwa usajili wanataka taa za upande wa kulia, na kwa modeli iliyouzwa hasa Japani uzipate wapi? Kuna taa nyekundu ya ukungu ya nyuma, ambayo Ulaya ni lazima na kwa barabara za huku inatakiwa iwe kushoto au katikati. Magari mengi ya Kijapani hayana hata waya wake. Halafu unarudi kwa COC: haipo, na kiwanda hakiwezi kukutolea kwa sababu gari halikuidhinishwa Ulaya. Inabaki njia ya idhini ya gari moja moja, yaani vipimo na ripoti za kitaalamu kwa ajili ya gari lako peke yake. Inawezekana. Wapo wanaofanya hivyo kwa magari ya kale wanayoyapenda kama wake zao. Kwa Harrier yenye kilomita 190,000, ni kumvisha mbuzi suti.

Ndugu zetu wa Muscat na Dubai wana nafuu nusu. Kule wanaendesha kulia, kwa hiyo usukani na taa viko upande wake. Lakini gari la Ghuba limetengenezwa kwa viwango vya Ghuba. Hata likiwa na nembo ya Kijerumani puani, cheti cha Ulaya halina. Nimemwona mtu akijipiga kifua kwamba "hii ni Mercedes, imetoka kwao", akaja kugundua kwamba ilizaliwa kwao lakini haikuandikishwa kwao.

Kuna njia rahisi ya kujipima kabla ya kumlipa wakala. Tafuta kibati cha kiwanda, mara nyingi kiko kwenye nguzo ya mlango wa mbele au chini ya boneti. Gari la Ulaya huwa na namba ya idhini inayoanza na herufi ndogo e na tarakimu, mfano e1 kwa Ujerumani, e2 kwa Ufaransa, e13 kwa Luxemburg yenyewe, halafu nyota na namba ndefu. Ukiikuta, ipige picha na tuendelee kuongea. Usipoikuta, liuze huko huko.

Kulifuata ng'ambo ya mpaka

Hii ndiyo njia niliyopita mimi, na ndiyo wanayopita wengi. Trier iko kilomita 50 hivi, Arlon ni karibu zaidi, Metz na Saarbrücken unakwenda na kurudi siku moja. Yadi za magari Ujerumani ni nyingi, na gari karibu lolote utakaloona pale tayari lina uraia wa Ulaya.

Ushuru wa forodha haupo, maana hujavuka mpaka wa Umoja. VAT ndiyo yenye ujanja, na ujanja wenyewe ni namba mbili: miezi 6 na kilomita 6,000. Gari likiwa halijafikisha zaidi ya miezi 6 tangu lianze kutumika, au halijapita kilomita 6,000, sheria ya VAT inaliita jipya. Neno la kushika hapo ni "au". Gari la miezi 14 lililotembea kilomita 5,800 ni jipya. La miezi 4 lililotembea kilomita 20,000 ni jipya vilevile. Jipya linalipiwa VAT nchi linakokwenda, yaani 17% huku, hata kama umenunua kwa mtu binafsi. Muuzaji wa Ujerumani akikutoza 19% ya kwao na wewe ukaja kudaiwa 17% ya huku, umelipa mara mbili na kazi ya kufuatilia marejesho ni yako. Kwa gari la namna hiyo dai ankara isiyo na VAT ya Ujerumani, na upange malipo ya Luxemburg mapema.

Gari lililopita vipimo vyote viwili ni la mtumba, na hapo kodi yake imeishia lilikouzwa. Kwenye ankara ya Kijerumani utaona mara nyingi "§25a". Maana yake muuzaji amelipa kodi juu ya faida yake tu, wewe hudaiwi na hurudishiwi. Nakala ya ankara hiyo ndiyo itakayokupa kibandiko 705 bila maswali mengi.

Halafu hati. Ujerumani wana vipande viwili, Teil I na Teil II, na Teil II ndiyo ya mmiliki. Gari likiwa la mkopo, Teil II iko benki. Usitoe pesa yote mpaka uishike mkononi. Kwenye Teil I tafuta kisanduku chenye herufi K: hapo panaandikwa namba ya idhini ya Ulaya. Herufi hizi ni zile zile kwenye kadi za Umoja mzima, kwa hiyo huhitaji kujua Kijerumani: E ni namba ya chesisi, B ni tarehe ya kusajiliwa mara ya kwanza, V.7 ni CO2. K ikiwa tupu, au ina mstari tu, uliza kwa nini. Huenda gari liliingizwa kutoka Marekani likapata idhini ya peke yake, na safari yako ya Sandweiler itakuwa ndefu.

Kosa langu la mara ya kwanza lilikuwa hapo hapo. Gari lilikuwa safi, bei nzuri, K imejaa namba. Muuzaji akaniambia COC "inakuja kwa posta". Alinipa mkono, akanipa hata kikombe cha kahawa. Wiki ya kwanza posta, ya pili posta, ya tatu simu haipokelewi. Gari limekaa kwenye maegesho ya jengo letu nalilipia, watoto wanaliandikia majina kwenye vumbi. Mwishowe niliagiza nakala kwa mtengenezaji kwa pesa yangu, zaidi ya euro mia, na ikafika baada ya wiki mbili. Tangu hapo nina kanuni moja: COC haipo mezani, bei inashuka kwa gharama ya kuiagiza, hapo hapo, kabla ya kalamu.

Kuliondoa yadi ni suala jingine. Ujerumani kuna namba za kusafirishia nje zenye ukanda mwekundu pembeni unaoonyesha tarehe ya mwisho, na bima yake inakuja nazo. Kuna pia namba za siku 5 zenye ukanda wa njano. Hizo ni rahisi, na wauzaji watakusukumia, lakini zimekusudiwa safari za ndani ya Ujerumani, na ukivuka nazo daraja la mpakani unategemea huruma ya polisi wa upande wa pili. Mimi mara ya pili nililipia gari la kubebea magari. Kwa kilomita 50, ilikuwa nafuu kuliko kuchukua siku ya likizo ya kwenda kupanga foleni.

Ubelgiji ni tofauti kidogo, na kuna jambo moja wanatushinda wote. Kila gari la mtumba linalouzwa kule ni lazima liuzwe na Car-Pass, karatasi inayoorodhesha kilomita zilizosomwa kila lilipoingia gereji au ukaguzi. Wamefanya hivyo tangu mwaka 2006. Aliyewahi kununua gari la kilomita 80,000 ambalo pedali ya breki imelika kama la 300,000 anajua thamani ya karatasi hiyo. Ujerumani hakuna kitu cha lazima cha namna hiyo. Unategemea kitabu cha sevisi na pua yako. Upande wa pili wa sarafu: namba za Ubelgiji ni za mtu, si za gari. Muuzaji anazifungua anabaki nazo, na wewe unabaki na gari lisilo na uso. Panga usafiri kabla. Ufaransa wanakata mstari kwenye kadi na kuandika tarehe ya kuuzwa. Kipande kinachobaki kinakuruhusu kuendesha mwezi mmoja, lakini ndani ya Ufaransa tu.

Na kama unazifahamu yadi za mtaa wa Heyvaert kule Brussels, ambako magari mengi hupangwa kwenda Afrika, usiende pale kutafuta gari la kusajili huku. Sina ugomvi na mtu wa pale. Ila mengi ya magari hayo yapo pale kwa sababu safari yake ya Ulaya imekwisha.

Ukaguzi wenyewe

Cheti cha ukaguzi cha nchi nyingine ya Umoja kikiwa hai kinatambuliwa kimsingi. Mimi hupeleka gari likaguliwe upya hapa, kwa sababu nalala vizuri zaidi. Mara ya mwisho mkaguzi, kijana wa Kireno aliyeniuliza kwanza kama ni Mkepuverde, alifungua boneti, akawasha tochi ndogo, akaanza kutafuta namba ya chesisi kwenye bodi. Mwenye gari wa kwanza alikuwa amepulizia dawa nyeusi ya kuzuia kutu kila mahali. Kijana akachukua kitambaa, akamwaga kimiminika, akasugua tarakimu moja moja: W, V, W... Nyuma yetu foleni. Alipofika tarakimu ya kumi na moja akasimama, akaangalia kadi, akasugua tena. Ilikuwa 8, ilionekana kama 3. Sijawahi kuiombea tarakimu dua kiasi kile. Basi, ukilinunua gari, isugue hiyo namba mwenyewe yadini, uisome yote 17, na uilinganishe na kadi na COC. Tofauti ya herufi moja inatosha kukurudisha.

Kwa magari yaliyokwishasajiliwa hapa ukaguzi wa kwanza ni mwaka wa 4, kisha wa 6, kisha kila mwaka. Ukinunua gari la miaka 8 jua kwamba kila mwaka mtaonana.

Kununua hapa hapa

Hili halina hadithi ndefu. Gari lina kadi ya Luxemburg, kipande cha kijivu na cha njano, forodha ilimalizwa zamani, COC haiulizwi tena kwa kuwa taarifa zake ziko kwenye mfumo. Unaleta bima, unalipa stempu ile ile ya 50, mnamalizana siku mbili tatu. Bei ndiyo inayopanda. Watu wa hapa wana pesa, magari mengi yalikuwa ya kampuni na yametunzwa, na muuzaji anajua. Uchaguzi ni mdogo kuliko Ujerumani, na ukitaka rangi fulani na gia fulani utasubiri.

Lakini fanya hesabu ya kweli. Tofauti ya euro 900 kati ya gari la Trier na la Esch, mji wa hapa Luxemburg, inaonekana kubwa mpaka utoe usafiri, COC, siku mbili za kazi na maegesho ya wiki tatu.

Kuhusu Uingereza, kwa sababu wengi tuna ndugu kule wanaotaka "kutuachia" gari: tangu Januari 2021 ile ni nchi ya nje kiforodha. COC ya Ulaya huenda ipo, hasa kwa magari ya kabla ya hapo, lakini 10% na 17% zinakusubiri kama hukidhi masharti ya kuhama makazi. Gari lililotengenezwa Uingereza lenye uthibitisho wa asili linaweza kuepuka ile 10%. La Japani au Ujerumani haliepuki kwa sababu tu liliishi London. Na usukani na taa ni kama za Dar.

Sasa uchague nini

Kama unahama kutoka Afrika Mashariki na gari la usukani wa kulia, bila alama ya e kwenye kibati: uza. Simwambii mtu hivi kwa furaha. Najua gari lililokulipia ada za watoto halifanani na jingine. Lakini msamaha wa ushuru wa gari lisilosajilika ni zawadi ya kufuli bila mlango. Kama unatoka nje ya Umoja na gari lako lina COC ya Ulaya, usukani kushoto, umelimiliki zaidi ya miezi 6, njoo nalo. Hiyo ndiyo nafuu kubwa kuliko zote na haitarudi tena baada ya mwaka wa kwanza.

Ukiwa tayari uko huku, una muda, na unasoma hati bila haraka, Ujerumani kwa uchaguzi na Ubelgiji kwa uhakika wa kilomita. Mimi safari ijayo nitaanza Ubelgiji. Ukiwa umefika juzi, una mtoto wa shule na kazi ya zamu, nunua hapa hapa na ulipe hiyo ziada bila kinyongo.

Na miezi ya kwanza usinunue chochote. Mabasi, treni na tramu za nchi nzima ni bure tangu mwisho wa Februari 2020. Daraja la kwanza la treni tu ndilo linalolipiwa. Panda tu, hakuna tiketi, hakuna kondakta wa kukuambia usogee nyuma. Baada ya miezi mitatu utajua kama unahitaji gari la kwenda kazini, au la kwenda dukani Jumamosi tu.

Yule wa Harrier aliiuza ndani ya wiki, kwa bei iliyomfurahisha. Amefika, kanunua gari dogo la petroli hapa Esch, na siku ya kufunga namba alinitumia picha: namba za njano, yeye kachuchumaa pembeni na koti la baridi. Jana kanitumia ujumbe mwingine wa sauti. "Kaka, shikamoo tena. Eti kuna matairi ya baridi? Haya niliyonayo yana kosa gani?"